Nyumba ya Mwisho: Sliema au Zejtun

Tangu turudi, kila anayekutana nami baada ya ibada ananishika mkono na kuuliza swali lile lile: mlichagua mji gani? Nikianza kueleza, watoto wanavuta mama zao waende kula, chai inapoa, na hadithi inakatikia uwanja wa ndege. Kwa hiyo nimeiandika yote. Mke wangu ameisoma, akasema kuna mahali nimejipendelea. Hakuniambia ni wapi, basi nimeiacha kama ilivyo.

Kwa asiyetujua vizuri: mke wangu ni Kerubo, ingawa mimi, kama nyinyi, namwita Mama Sharon. Ni muuguzi, na alikuwa amepata kazi ya kufundisha wauguzi katika kisiwa cha Malta, huko katikati ya bahari ya Mediterania. Mambo ya barua na vibali sitawachosha nayo. Kazi ilikuwa ipo, kilichobaki ni nyumba, na tulikuwa na siku sita za kuitafuta. Kazi yangu mimi ni ya kompyuta na haijali nimekaa wapi.

Hapo ndipo penye taabu, kwa sababu mimi sikai. Katika miaka yetu kumi na minne hapa Marekani tumehama mara saba. Nyumba naipenda mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili naanza kusikia mabomba yake, majirani wake, kona zake, na miguu inaniwasha. Tukitoka Dallas nilisema ni joto. Tukitoka Eagan nilisema ni mbali na watu, na tukitoka Frogtown nilisema watu wamekuwa karibu mno. Mnaotusaidia kubeba makochi mnajua nasema kweli.

Wiki moja kabla ya safari Mama Sharon alikuwa anapiga pasi sare zake za kazi, akaniambia bila kuinua macho, "Baba Sharon, this time wewe ndiye utachagua. Mimi nitaishi popote. Lakini hiyo ndiyo nyumba ya mwisho. Ukianza tena story ya kuhama, utahama peke yako."

Nilidhani ananitania, nikangoja acheke. Alikunja sare ile, akaiweka juu ya nyingine, akachukua ya tatu.

Minneapolis: makoti yanabaki

Aliyetupeleka uwanja wa ndege ni Mama Neema, yule fundi cherehani wetu kutoka Bukavu anayeimba sauti ya pili kwaya. Ilikuwa Januari, ile Januari yetu ambayo ukipumua puani unasikia kama kuna kitu kinakatika. Tulipofika mlangoni pa abiria Mama Neema alitutazama tulivyojifunga, akacheka.

"Muache manteaux zenu humu mu voiture," akasema. "Kule munaenda kuko jua na bahari. Mutazibeba za nini?"

Ni desturi yetu sote wa huku. Ukisafiri kwenda kwenye joto, koti unamwachia aliyekuleta na unakimbia mita chache zile na shati lako. Tukavua. Mimi nikabaki na shati la mikono mifupi lenye maua, Mama Sharon na sweta nyepesi na leso begani. Mama Neema akatuombea pale pale huku madereva wa nyuma wakipiga honi, akaondoka na makoti yetu kwenye kiti cha nyuma.

Ndege ilijaa, ikafunga milango, kisha ikasimama. Rubani akatuambia tunasubiri zamu ya kumwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu. Tulisubiri kwa muda wa karibu saa tatu. Mimi kukaa ndani ya kitu kinachopaswa kwenda na hakiendi ni adhabu kamili. Nilienda msalani mara nne bila haja. Mara ya tano Mama Sharon alinivuta mkono, akanikalisha.

"Unaona?" akasema. "Hata ndege umeshaichoka na haijaruka."

Amsterdam: mtu wa koti zito

Kwa sababu ya kuchelewa kule, tulipotua Uholanzi ndege ya Malta ilikuwa imeshaondoka. Tukapangiwa nyingine, saa saba baadaye. Nilizunguka uwanja ule hadi mwuza maua mmoja akaanza kunisalimia.

Niliporudi nilimkuta Mama Sharon anazungumza na mzee mmoja Mmalta aliyekuwa anarudi kwao. Alikuwa amevaa koti zito, skafu, na fulana mbili nilizoweza kuziona shingoni. Nikawaza, maskini, huyu ni mgonjwa. Yeye alikuwa anatazama shati langu la maua na nadhani aliwaza hivyo hivyo juu yangu.

Akatuuliza kwa Kiingereza kama mahali tunapofikia pana hita. Nikamwambia sisi tunatoka Minnesota, baridi tunaijua, ziwa likiganda tunaendesha magari juu yake. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

"Ndiyo," akasema, "lakini ndani ya nyumba?"

Sikumwelewa. Nikacheka, nikampa nusu ya chapati tuliyokuwa tumefungasha. Akaila yote, akasema nzuri, akaufunga tena ule mkanda wa koti lake.

Sliema: bahari dirishani

Malta tulifika mchana. Jua lilikuwepo kweli, bahari ilikuwepo, na nilishuka ngazi za ndege nimetanua kifua. Jua likajificha nyuma ya wingu, nikajikunja.

Siku ya pili yake tulienda Sliema, mji ulioko ufukweni ng'ambo ya Valletta, mji mkuu. Wakala alikuwa kijana mmoja anaitwa Clayton, mpole, mwenye viatu vilivyong'aa. Alitupandisha ghorofa ya tano na kutufungulia sebule. Nikaingia nikanyooka moja kwa moja dirishani. Chini yangu kulikuwa na barabara imejaa watu, mikahawa, na kivuko kinachovuka kwenda Valletta na kurudi siku nzima. Mbali zaidi meli kubwa zilikuwa zinatoka. Sikutaka kubanduka pale. Nilimwuliza Clayton kivuko kinachukua dakika ngapi, basi la uwanja wa ndege linapita wapi, meli za kwenda Sicily zinaondoka siku gani. Alinijibu yote. Alisema kuna familia nyingine inaitaka nyumba ile, kwa hiyo angependa jibu langu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Kusema kweli niliipenda nyumba ile kwa moyo wangu wote. Nilijiona pale na kompyuta yangu nikitazama watu wanaokwenda na kurudi, mimi nikiwa nimetulia. Nikageuka kumwambia Mama Sharon. Alikuwa bado amesimama karibu na mlango, mkoba begani, viatu miguuni, kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Unaonaje?" nikamwuliza.

"Ni safi."

"Lakini unaipenda?"

"Nilikwambia nitaishi popote, Baba Sharon."

Jioni ile nilimpigia Sharon, binti yetu aliye chuoni, nikamweleza kwa Kiswahili kirefu habari za bahari na kivuko. Alinisikiliza hadi mwisho. "Dad," akasema, "just pick the one Mom likes." Nikamwambia mama yako hasemi anachopenda. Akasema, "Did you ask, or did you tell her about the ferry?" Nikamwambia simu inakatika.

Zejtun: chai ya gilasi

Alhamisi tulipanda basi kwenda Zejtun, kusini. Jina lenyewe ni zeituni, kama tunavyosema sisi. Ni mji wa ndani, bahari huioni. Mitaa ni myembamba, nyumba zote za mawe ya rangi ya maziwa zimeshikana mabega, milango imefungwa. Tulishuka kwenye basi saa nne asubuhi na hapakuwa na mtu barabarani. Miguu ikaanza kuniwasha kabla hatujafika.

Mwenye nyumba alikuwa Bi Doris, mjane wa miaka sabini na kitu. Nyumba aliyokuwa anaikodisha ilikuwa ya kaka yake aliyehamia Australia ujanani na kufia huko, na ilitazamana na ya kwake. Alitufungulia. Ilikuwa na kiwanja kidogo katikati chenye mchungwa ndani ya pipa, vyumba vya dari ndefu, na sakafu ya vigae vya maua.

Na baridi. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mzee wa Amsterdam. Sisi baridi yetu inakaa nje, ukifunga mlango umeiacha huko na unavua hadi fulana. Kule nje palikuwa na nafuu na baridi ilikuwa imehamia ndani, ndani ya mawe yenyewe, na haina pa kwenda. Meno yalinigonga. Mimi, mtu wa kuchimba gari kwenye theluji, nilisimama katika kisiwa cha jua na shati la maua nikitetemeka mbele ya bibi wa watu. Bi Doris alinitazama, akaenda kwake, akarudi na koti la marehemu mume wake. Lilinifika viwikoni. Nikalivaa.

Akatuingiza jikoni kwake, akawasha hita ya gesi, akatutilia chai katika gilasi. Chai ya maziwa, nzito, tamu, imechemshwa hasa. Mama Sharon alionja, akaishusha gilasi, akaonja tena.

"Baba Sharon," akasema polepole, "hii ni chai."

Katika miaka kumi na minne sijamsikia akisema hivyo juu ya chai ya mtu mweupe. Tulipewa pia mikate midogo inayobanduka kama maganda, ndani ina jibini, ya moto sana. Nilikula minne. Bi Doris hakuuliza tunatoka wapi hasa wala tunaamini nini. Aliuliza kama tuna watoto, na kama mchungwa ule tungeumwagilia.

Lakini msije mkadhani nilikuwa nimeshawishika. Chai ni chai. Moyoni nilikuwa nimeshachagua Sliema, na nilikuwa nasubiri tu tuage kwa heshima niende nikapige simu.

Kituoni na kurudi

Tulipoaga, Bi Doris alichukua ufunguo wake akatoka nasi. Akatufikisha hadi kituo cha basi, mwendo wa dakika saba hivi na kona nne. Mama Sharon alifurahi mno. Miaka yote hii Minnesota mwenyeji anakuagia mlangoni, anakuagia kwa muda mrefu kweli, lakini mlangoni. Huyu alikuwa ametusindikiza kama watu wanavyosindikizana kwetu.

Sasa, mtu mzima wa umri ule akikusindikiza, utamwachaje arudi peke yake, na barabara za mawe zina utelezi wa mvua ya usiku? Tulitazamana. Tukageuka naye. Yeye alishangaa kidogo, kisha akatembea nasi. Nyuma yetu tukasikia basi linapita.

Tulipofika mlangoni kwake tukamuaga upya. Bi Doris alitutazama mmoja baada ya mwingine, akafunga tena skafu, akatuashiria tumfuate. Akatusindikiza mara ya pili. Mama Sharon akaninong'oneza kwamba huyu mama ana heshima ya ajabu. Safari hii alituonyesha kibao cha kituo kwa kidole, akakigonga mara mbili. Tukamshukuru sana, tukamrudisha kwake. Basi la pili likapita.

Kwa kwenda na kurudi huko nilikuwa nimeanza kuijua mitaa ile bila kutaka. Nilijua mlango wenye komeo la samaki wa shaba. Nilijua dirisha ambalo kasuku anapiga mluzi, na wazee wawili wanaocheza karata karakanani na kuhesabu kwa Kimalta, sitta, sebgħa, nami nikaitikia sita, saba moyoni. Mara ya nne tulipopita, mmoja aliniinulia kofia. Roseville, tunakoishi sasa, nimekaa miaka mitatu na jina la jirani wa ukuta mmoja silijui.

Mvua ikaanza. Bi Doris akaingia kwake kututafutia mwavuli. Mama Sharon akasema anavuka aangalie kama ile nyumba nyingine madirisha yamefungwa. Alikawia. Nikamfuata nimwambie mwavuli umepatikana.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa chumba cha mbele, amenipa mgongo. Mkoba ulikuwa chini, kwenye kona. Alikuwa amenyoosha mkono wa kulia juu ya kizingiti cha dirisha, dole gumba huku na kidole cha mwisho kule, akisogeza kiganja na kuhesabu kwa midomo. Alikuwa anapima pazia kwa shibiri, kama mama yake alivyokuwa akipima kabla ya kwenda sokoni Kisii. Moja, mbili, tatu. Nilijikuta nahesabu naye. Sita, kisha vidole vitatu. Akasimama hapo, akarudia kutoka mwanzo kuhakikisha.

Ndugu zangu, nilisikia aibu nisiyoweza kuwaeleza. Katika nyumba zote saba mke wangu hakuwahi kupima dirisha ila la kwanza, lile la Dallas. Zilizofuata tulifunika kwa shuka, au zile pazia za plastiki zinazokuja na nyumba. Siku zote nilidhani hapendi mapambo. Kumbe alikuwa ameacha kupima, kwa sababu alijua kabla pazia halijashonwa nitakuwa nimetafuta maboksi.

Nilitoka taratibu, nikasimama mvuani. Alipotoka alikuwa na mkoba begani na uso wake ule wa siku zote.

"Yamefungwa," akasema.

Safari ya tatu Bi Doris alikuja na mwavuli na hakukubali tumrudishe. Alingoja nasi. Basi lilipofika akapanda ngazi ya kwanza, akazungumza na dereva kwa kirefu akituonyesha kwa mkono, kisha akashuka na kutupungia. Tulipokaa dereva akatugeukia.

"Msiogope," akasema kwa Kiingereza, akitamka kila neno. "Yule mama ameniambia mnapotea. Amesema amewaleta kituoni mara tatu na kila mara mnamfuata nyumbani. Nitawashusha Valletta, mwisho wa njia, hata mkilala."

Mama Sharon alinitazama. Nikamtazama na koti langu la viwikoni, maana nilikuwa nimesahau kulirudisha. Akaanza kucheka. Alicheka akajiinamia, akajifuta machozi na leso, akasema, "Woi, mtu na degree zake mbili, ati nimepotea," akacheka tena. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa anacheka hivyo.

Palepale ndani ya basi nikampigia Clayton. Nikamwambia asante, ile familia nyingine iichukue. Nilipomaliza, Mama Sharon alikuwa ameacha kucheka.

"Umekataa Sliema?"

"Nimekataa."

"Na bahari yako?"

"Nitaifuata kwa basi."

Aligeukia dirisha la basi. "Usifanye hivi juu yangu," akasema, "halafu mwaka kesho uniambie ni mimi."

Nikamwambia nafanya kwa sababu yake na mwaka kesho sitasema. Ningeweza kutaja dirisha. Nikaona hilo ni la kwake, alilipima akidhani hakuna anayemwona.

Ijumaa tulirudi Zejtun kumwambia Bi Doris na kurudisha koti. Koti alilikataa. Alipotutoa nje alitushika mkono mmoja mmoja hadi kituoni.

Frogtown: kuchukua makoti

Jumapili iliyopita tulipita kwa Mama Neema kuchukua makoti yetu. Nyumba yake ilikuwa na joto kama tanuri, nami nilikaa karibu na mashine ya kupasha moto bila aibu. Vitambaa vilikuwa vimejaa meza nzima. Mama Sharon alianza kuvishika kimoja kimoja, kijani, cha maua, akakisimamisha kimoja cha rangi ya machungwa kwenye mwanga.

"Hiki kingekuwa kizuri cha pazia," akasema, kama anayejisemea.

"Dirisha iko na largeur gani?" Mama Neema akauliza upana wake, tepu shingoni.

Mama Sharon akanitazama haraka, akatazama kitambaa. "Kubwa kiasi. Sikupima vizuri."

Msidhani nimepona. Asubuhi hiyo hiyo, wakati mhubiri anahubiri, nilikuwa nimechungulia kwenye simu bei za nyumba Ureno. Miguu bado inawasha, na pengine itaniwasha hadi nizikwe. Lakini niliweka chini kikombe cha chai alichonipa Mama Neema.

"Shibiri sita na vidole vitatu," nikasema. "Za mkono wake wa kulia."

Mama Neema hakuona ajabu yoyote. "Leta mukono," akamwambia.

Mama Sharon hakuuleta mara moja. Alikuwa ananitazama mimi. Kisha akautandaza mkono wake mezani, vidole wazi, na Mama Neema akanipa ncha moja ya tepu nishike.